Mabuti Mlangoni

Maskati, Machi 1969

Aflah,

Waalaykumu ssalaam. Barua imefika, na picha imo. Macho ya mama yako yamekwisha, haoni hata kidole chake, kwa hivyo picha nimemsimulia mimi. Nikamwambia, mwanao huko Kanada amekaa juu ya trekta dogo, anasukuma theluji mbele ya nyumba yake apate kupita. Akauliza, "Kwani hana mtu wa kumfanyia?"

Kweli, Unguja hukupata kushika hata ufagio. Hapa ufagio nnao mimi. Upepo ukivuma mchanga unajaa mlangoni, nami nnausukuma kila asubuhi, mwaka wa tano huu, kwa kuwa uliniambia nikae na mama yako mpaka utuite.

Picha ameitia chini ya mto wake. Wageni wakija anaitoa, anawaambia, "Mtizameni mwanangu." Wanakutizama wewe, kisha wananitizama mimi. Maana nyuma ya trekta, mlangoni kwako, pana mabuti jozi tatu: yako mengine, ya mwanamke, na ya mtoto mdogo.

Mama sikumwambia. Hayo utamwambia mwenyewe.

Mimi nnakuomba jambo moja tu. Njia ya mlangoni kwako umeshaisafisha. Nisafishie na mimi yangu: niandikie talaka, na mashahidi wawili watie saini.

Mkeo, mpaka hiyo itakapofika,
Kheiria