Majibu kwa Wote

Thrissur,
Jumatano, wiki mbili kabla ya sikukuu ya Onam

Kaka yangu Sethu,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe na wifi Vasantha, na wale wanafunzi wawili mnaodai ni watoto wenu lakini hawapigi simu kwa shangazi yao. Natumaini joto la huko ughaibuni Sohar limeanza kupungua na mgongo wako umepatana na kile kiti kipya. Sisi huku ni wazima. Mvua imenyesha mpaka ukuta wa jikoni umeota kuvu, lakini mama anatembea vizuri, goti limetulia, na jana alibishana na muuza samaki kwa muda mrefu akiwa amesimama. Afya ipo, na tabia ya familia ipo pia.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu imekauka. Nimekuwa vitani, kaka. Najua utasema lini sikuwa vitani. Lakini safari hii nilikuwa karibu kupoteza kitu nilichokilea kwa miaka ishirini, yaani ile orodha ya barua pepe ya maktaba za vijiji.

Usipige miayo, nitaeleza mara moja tu. Maktaba mia tisa na ushei za Kerala zinatumia programu ya ushirika wetu kutunza habari za vitabu vyao na watu walioviazima. Mkutubi akikwama, huandika barua pepe kwa anwani moja, nayo humfikia kila mwanachama. Anayejua hujibu. Asiyejua naye hujibu, maana sisi Wamalayali, watu wa Kerala, hatuwezi kukaa bila kusema. Maswali na majibu yote hubaki kwenye kumbukumbu, na mtu yeyote anaweza kupekua humo bila kulipa na bila kuomba ruhusa ya kampuni. Hakuna tajiri anayeimiliki. Ukiniuliza ni kitu gani cha maana nimefanya tangu nilipoacha kufundisha chuoni, nitakuonyesha hiyo.

Sasa, mtambo uliokuwa ukiiendesha orodha ulikuwa umezeeka, na waliouunda walishaacha kuutengeneza. Mvua zilipoanza nikaihamishia orodha kwenye mtambo mpya. Hakuna barua iliyopotea. Hakuna mwanachama aliyeachwa nyuma. Nilitegemea angalau asante. Badala yake nilipata malalamiko mengi kuliko niliyopata siku niliposema hadharani kwamba washairi wetu wengi wangefaa zaidi kuuza bima.

Sababu ilikuwa ndogo. Kwenye mtambo wa zamani, ukibonyeza kitufe cha kujibu, jibu lako lilikwenda kwa wote. Kwenye mtambo mpya linakwenda kwa aliyeandika tu, na ukitaka lifike kwa wote lazima uchague mwenyewe. Ningeweza kubadilisha jambo hilo kwa kubonyeza mahali pamoja. Nilikataa. Nilikataa kwa kurasa nne, nikazituma kwa orodha nzima. Nilisema kitufe kinachosema jibu kinapaswa kumjibu aliyesema nawe. Nilisema tumechoka kusoma "asante" mia tisa. Nilisema anayetaka kuwatukana watu mia tisa kwa mpigo na awatukane kwa kukusudia, kama mtu mzima, si kwa kidole kuteleza. Hoja hiyo ni nzuri, kaka, na bado naipenda.

Wakutubi wetu, kama kawaida, hawakusoma kurasa nne. Walibonyeza kitufe kilekile cha siku zote na kuandika hasira zao, na hasira zote zikaja kwangu peke yangu. Kila mmoja akaona kwamba amepiga kelele na hakuna aliyeitika. Wa chama hiki cha siasa wakaamini wa chama kile wamewafungia mlango. Wa chama kile wakaamini vivyo hivyo. Mwalimu Raghavan wa Payyannur, yule mstaafu anayeanza kila barua kwa "hoja ya utaratibu", aliniandikia kuuliza ni kikao gani kilichomfukuza uanachama, na kama akidi ilitimia.

Na mbele ya wote alisimama Kuriakose. Jina hili unalijua, kwa sababu nimelitaja nyumbani kwa ukali kwa miaka mingi. Ni katibu wa maktaba moja karibu na Pala, mjane, mhasibu wa zamani wa shirika la zao la mpira, mtu ambaye hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu hali ya hewa. Aliwahi kuniita dikteta wa koma na nukta mbele ya maktaba zote. Safari hii alileta hoja rasmi. Majibu yarudi kwa wote. Nisipokubali kabla ya mkutano mkuu, wanachama wapige kura kuiacha orodha na kuhamia kwenye kundi la simu la ile kampuni kubwa ya ng'ambo. Elewa maana yake. Kila jibu la miaka ishirini lingebaki kaburini, na maswali mapya yangezama katikati ya picha za maua na salamu za asubuhi.

Nilijiandaa kwa mkutano huo kama mtu anayekwenda mahakamani. Ulifanyika Jumamosi hapa mjini, katika ukumbi wa walimu, feni zikizunguka na chai ikichelewa. Shahina, meneja wetu, aliniketisha mbali na kipaza sauti na kuniomba, kwa jina la Mungu wake na la miungu ya kwetu nisiyoiamini, nisimwite mtu yeyote mbumbumbu kabla ya chakula. Nilimwahidi mpaka chakula tu.

Wakaanza kusimama mmoja mmoja. Bibi Aleyamma, mkutubi kutoka milima ya Idukki, alisema tangu toleo jipya la programu litoke, majina ya vitabu vyake kwenye skrini yamegeuka visanduku vitupu, na aliuliza mara tatu kwa kubonyeza jibu chini ya tangazo la toleo hilo. Nikasema kwa sauti kwamba mara zote tatu nilimjibu. Akasema ndiyo, dada, ulinijibu, na jibu lilifaa, asante sana. Ndipo mwanamume mmoja nyuma yake akaruka, akasema, "Ala! Hata mimi visanduku! Mwezi mzima nadhani nimeharibu mwenyewe, nimemficha mwenyekiti!" Na mwingine akapaza sauti kwamba hata wao. Wakageukiana, kaka. Nusu ya ukumbi ilikuwa na visanduku. Walikuwa wamekaa kila mtu na aibu yake, na dawa ilikuwa kwenye sanduku la barua la Bibi Aleyamma, nami nikiandika dawa ileile upya kila asubuhi na kujisifu kwamba nachapa kazi.

Nilikuwa na hotuba ya dakika arobaini mkononi. Niliikunja. Unajua nimesoma vitabu vingapi kuhusu ni nani anayemiliki maarifa, na nimegombana na watu wangapi juu ya vitabu hivyo. Na bado mimi ndiye niliyegeuza elimu ya wote kuwa barua za siri, nikaita hilo adabu. Nikaenda kwenye kipaza sauti, Shahina akafumba macho. Nikasema hoja ya Bwana Kuriakose ni sahihi na yangu ni batili, na kwamba naomba kuunga mkono hoja yake. Mwalimu Raghavan alisimama kwa hoja ya utaratibu, akasahau ni ipi, akakaa. Kura ilipita kwa mikono yote. Orodha ikabaki yetu, na hakuna aliyetaja tena lile kundi la simu. Tukala wali na samaki wa pilipili na payasam, uji mtamu wa fenesi, na sikumwita mtu mbumbumbu hata baada ya chakula.

Jioni ileile nikabonyeza pale mahali pamoja, nikaandika tangazo fupi kwamba kuanzia sasa majibu yanakwenda kwa wote. Nikalituma.

Hapa ndipo ninapolazimika kukuambia lile ambalo sijakuambia, kaka, na naomba ukae kwenye hicho kiti kipya.

Barua ya kwanza ya hasira ya Kuriakose, mwanzoni mwa mvua, ilikuja kwangu peke yangu kama nyingine zote. Nikamjibu kwa hasira, yeye peke yake. Akajibu tena. Zamani, hapo tungekuwa na watu mia wakitushangilia na kutuchochea. Sasa hapakuwa na mtu. Kufikia barua ya nne tulikuwa tumemaliza matusi mazuri. Katika ya tano aliuliza goti la mama, nililolitaja katikati ya matusi, linaendeleaje. Nilimwambia. Akanieleza habari za marehemu mkewe, na miti yake ya mpira, na kwamba jioni husoma hoja zangu za zamani kwenye kumbukumbu za orodha kwa sababu nyumba ni kimya mno. Tumeandikiana kila siku tangu wakati huo, huku mchana akiniandalia hoja ya kunipindua. Sikumwomba aiache, na yeye hakujitolea kuiacha. Ningemdharau kama angeiacha. Na nikuambie ukweli wote: nilipokuwa nakataa kubonyeza mahali pale, si adabu peke yake niliyokuwa nailinda.

Basi tangazo langu lilimkuta ndani ya basi la kurudi Pala. Akalisoma kwenye simu. Kwa mazoea ya miezi hii, akabonyeza kitufe cha kujibu. Akaandika hivi: "Rugmini, leo umeshindwa vizuri kuliko nilivyowahi kushinda mimi. Padre atanuna na jamaa zako watanuna. Wanangu wameshakubali. Niambie basi, twende kwa msajili wa ndoa kabla ya Onam au baada yake? Na tafadhali usinijibu kwa kurasa nne."

Maktaba mia tisa na ushei, kaka.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mwalimu Raghavan, kwa hoja ya utaratibu, kwamba suala hili liko nje ya mada ya orodha. Maktaba moja ya Kasaragod ikaunga mkono hoja ya ndoa. Mtu wa Kollam akaomba irekebishwe isomeke "kabla ya Onam". Mwingine akalalamika kwamba lebo za vitabu bado hazichapiki, na chini ya malalamiko yake akaacha barua yote ya mapenzi ilivyo, ikatufikia sote mara ya pili. Kuriakose alinipigia simu akiwa bado ndani ya basi, akiniomba niifute, akisema mimi ndiye msimamizi, funguo ninazo. Nikamwambia kumbukumbu za orodha haziguswi, hata kwa ajili yake, na kama hajui hilo kuhusu mimi basi hajui anamposa nani. Kisha akacheka mpaka kondakta wa basi akamuuliza kama ni mzima.

Halafu nikajibu. Neno moja: "Kabla." Nikalituma kwa wote, kwa kukusudia.

Mama nimemweleza mwenyewe. Aliuliza kama huyu ni yule Mkristo wa dikteta wa koma. Nikasema ndiye. Akasema angalau huyu anachofikiria tutakijua mapema, sisi na maktaba zote, na akauliza kama anakula samaki. Kwako nimeandika haraka, na kwa barua pepe, kwa sababu Bwana Balachandran wa maktaba ya Wamalayali wenzenu wa Sohar naye ni mwanachama, na namjua, hufungua barua zake Ijumaa. Sikutaka ulisikie mlangoni kwako kutoka kwake, akiwa na boksi la peremende. Kama huipendi habari hii, niambie waziwazi. Nitakusikiliza, na nitakupinga. Lakini nitakuhitaji uwe shahidi mezani kwa msajili, kwa hiyo pingamizi lako lilete mwenyewe, kwa ndege.

Mwambie wifi Vasantha sari anichagulie yeye, mradi isiwe ya dhahabu. Wabusu watoto, uwaambie shangazi yao anaolewa na anahitaji mashangilio. Mungu mnayemwamini ninyi awalinde, na mimi nitawalinda dhidi ya wengine wote.

Dada yako anayekupenda na asiyekuogopa,

Rugmini