Zamu ya Mama Kuuliza

Jumanne, 5 Juni 2012
Baridi ya kukata masikio. Stesheneri hakukuwa na mteja asubuhi nzima, ila mwalimu mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti. Basi nikacheza ule mchezo wetu wa maswali, kwenye kundi letu la mtandaoni. Kristiana wa Tanga kauliza: televisheni nchini mwetu ilianzia wapi? Nyanda, mtu wa Kahama, akakimbilia Dar. Ovyo! Nikaandika Zanzibar, nikashinda. Kwa hiyo zamu ikawa yangu, maana ndiyo sheria yetu: aliyepata ndiye anauliza, na aliyeuliza ndiye pekee wa kusema umepata au umekosa. Wengine hata wakijua, wanafunga mdomo.
Nikawauliza: Bismarckburg ya Wajerumani siku hizi inaitwaje? Wanaitafuta Ulaya. Kumbe iko hapo Kasanga, ziwani, tunaiteremkia! Nikacheka peke yangu mbele ya kompyuta, bosi akanitazama kama mgonjwa.
Watu wawili ambao sijawahi kuwatia machoni. Ndio marafiki nilionao.

Alhamisi, 7 Juni
Kristiana kauliza kundini: Gaudiosa, mama anaendeleaje? Yeye ndiye aliyekumbuka. Hapa Sumbawanga, mtaa wetu wa Katandala mzima, hakuna anayejua hata kama nina mama. Nikamjibu: yuko kijijini Msanzi kwa mdogo wangu Nestory, tumbo limevimba, dawa za zahanati hazishiki. Nyanda, mzee wa kejeli, leo hakutania.
Halafu tukapiga soga za sinema ya Kihindi, mapacha wanaopotezana utotoni. Nyanda: "Hiyo ni nusu ya sinema zao zote!" Nilicheka. Nilipozima simu, chumba kikarudi kuwa chumba. Nimechoka kuishi hivi.

Jumamosi, 9 Juni
Nestory kapiga. Dada, njoo nyumbani. Nikauliza kuna nini. "Wewe njoo tu." Simu ikakatika.
Nani asiyejua maana yake? Kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Unaitwa tu. Baba alipofariki niliitwa hivihivi, maneno yaleyale.
Nimewaandikia kina Kristiana: Nimeitwa nyumbani. Wamenielewa. Naenda kutafuta gari.

Jumapili, 10 Juni. Msanzi
Niandike hii aibu. Jana nilianza kulia barabarani, pale gari liliponishusha. Kanga kichwani, mikono juu, "Mama yangu wee!" Dominika, jirani yetu, akatupa jembe, akaanza kulia na yeye. Wakatoka wengine. Tulifika uani tukiwa kundi zima la waliaji.
Sauti ikatoka ndani: "Nani amekufa?"
Mama!
Nestory kasimama mlangoni kama kijiti. Eti, mama alikuwa anakutaka, dada, ndiyo maana nikasema uje tu. Nilitamani kumpiga kofi. Dominika akaokota jembe lake, akasema nimeleta uchuro, mtu haliliwi yu hai. Wakaondoka mmojammoja, hawakuniaga.
Mama alicheka mpaka akakohoa. Akasema, umenililia vizuri, mwanangu, sasa najua. Mimi sikuona cha kuchekesha. Amebaki mifupa na tumbo.

Jumatano, 13 Juni
Mtandao hakuna. Kuna kichuguu nyuma ya kanisa, watu husimama juu yake kupiga simu. Nimesimama na mimi, upepo umenikung'uta, hakuna kitu. Simu yenyewe imezima.
Watu wako kwenye ulezi, wanavuna. Wakipita hapa wanasalimia kwa mbali. Uchuro wangu! Mama hali. Usiku kucha anauma meno asipige kelele. Kesho nampeleka mjini, Nestory akitaka asitake.

Ijumaa, 15 Juni. Sumbawanga
Daktari ni kijana kuliko mimi. Kaniita pembeni, akaongea huku anautazama ukuta. Ni ini. Tumechelewa. Mrudishe nyumbani, mama, mpe anachokipenda.
Nimemleta hapa chumbani kwangu. Nikamuuliza anapenda nini. Kasema ugali wa ulezi, na kukaa juani. Basi. Ugali nimeupika, kaushika tu. Jua lipo.
Sijui nilie na nani.

Jumamosi, 16 Juni
Nimechaji simu. Nimefungua kundi. Ee Mungu.
Wamemzika mama yangu!
Kristiana kaandika kwa kirefu: pole mdogo wangu, sisi hatuna jina lako kamili wala nyumba yako hatuijui, la sivyo tungekuwa tumekaa na wewe chini kwenye mkeka. Kasema amemwombea mama kanisani kwao, kwa jina la Mama Gaudiosa, maana hana jina lingine la kumtajia padri. Nyanda kafunga mchezo. "Hakuna swali mpaka Gaudiosa aanue matanga." Na picha yake ya ng'ombe kaiondoa, kaweka mshumaa. Nyanda!
Nimelia kama mtoto. Tangu mama augue hakuna aliyeniambia pole ya namna hii. Nikaandika: Jamani, mama yu hai. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Niseme ukweli wangu hapa: nilitaka kukaa kidogo ndani ya ile pole.
Mama akauliza unalia nini. Ningemficha vipi, chumba chenyewe kimoja. Nikamwambia. Nikadhani atakasirika. Akasema nisome. Nikasoma. Yale ya Kristiana na padri akataka niyarudie.
Akasema: "Usiwaambie."
Mama!
"Utawaliza mara mbili. Waache. Hao wameshamaliza."
Nikatoka nje, nikakaa juu ya ndoo. Mwenye nyumba akapita, akauliza kama maji yametoka. Nikasema bado.

Jumatatu, 18 Juni
Hakula. Sina nguvu ya kuandika.

Jumatano, 20 Juni
Nyanda kauliza kwa adabu, kama si yeye: je, matanga yameanuliwa? Ile Kasanga hawakuipata, wameitafuta na kukosa, wamesalimu amri. Wamekubaliana mfiwa ndiye afungue mchezo. "Zamu ni yako, dada. Uliza lolote."
Mfiwa! Mama yuko mlangoni juani, miguu nimemfunika kwa blanketi. Nikamsomea. Akataka kujua sheria za mchezo. Nikamweleza: aliyeuliza ndiye anasema umepata au umekosa. Macho yakamng'aa. Akasema basi nina swali.
Ni hili. Maishani ameona sinema moja tu. Alikuwa msichana, gari la sinema la serikali likaja Msanzi, wakatundika kitambaa uwanjani. Na kwenye sinema ile watu wote walikuwa wa mkono wa kushoto! Wanakula kwa kushoto, wanasalimiana kwa kushoto, hata askari anapiga saluti kwa kushoto. Waulize kwa nini.
Nikasema mama, umesahau, haiwezekani. Akaniangalia kwa jicho lile la zamani, la kunifuta tope usoni. "Nimeiona. Jibu ninalo. Nitalisema mwenyewe wakishindwa wote, na wewe mmojawapo."
Nikaandika: swali ni la mama. Kristiana kajibu hapohapo: Mungu amlaze pema, alikuwa mcheshi.
Alikuwa. Nikamsomea na hilo. Kacheka bila sauti, mabega tu. Siku nyingi sijamwona hivyo.
Kristiana kakisia: ilikuwa sinema ya Wazungu, wanashika uma kwa kushoto. Mama kasema amekosa. Na saluti je? Nyanda kaomba muda, akawaulize wazee wake. Mimi nimekisia alikuwa na homa siku ile. Nimekosa. Nikaambiwa nina akili za baba yangu.
Jioni alikunywa uji. Kidogo, lakini alikunywa. Nimeanza kuwaza mambo ambayo daktari hakuyasema. Mjinga mimi.

Alhamisi, 21 Juni
Nimemtoa nje mapema akae juani, yeye mwenyewe kataka. Hakuongea sana. Kauliza mara moja tu: yule wa Kahama bado hajajibu? Nikasema bado. Akasema atapata, huyo. Akajifunika kanga usoni, jua kali.
Nimefua. Nimeanika. Bosi kapiga, nimeomba siku nyingine, kaguna.
Sasa hivi Nyanda kajibu! Nanakili kama alivyoandika: "Kitambaa kilikuwa katikati ya uwanja. Wanaume walikaa upande wa gari, wanawake wakawekwa upande wa pili. Mama yako aliitazama sinema kwa nyuma, ndiyo maana kulia ikawa kushoto. Bibi yangu anasema na wao waliwekwa hukohuko."
Jamani! Nyuma ya kitambaa! Sinema moja maishani, na hiyo moja akaonyeshwa mgongo wake. Na hakuwahi kulalamika, alifanya fumbo tu, akalihifadhi.
Naamini ndilo. Lakini si mimi wa kusema, sheria ni sheria. Nimemwita hapa nilipo, kwenye kamba ya nguo: mama, yule wa Kahama kajibu! Hajaitika. Jua linalevya, atakuwa amepitiwa na usingizi.
Nyanda kaandika tena. "Gaudiosa, upo? Nimepata au nimekosa?"
Nimemwita mara ya pili. Kanga iko palepale usoni, upepo hauigusi.
Kristiana naye: "Tuambie basi, dada!"
Nimekaa juu ya ndoo na kalamu. Naandika mstari huu kwanza, halafu nitakwenda kumgusa bega.