Rangi Chini ya Skrubu

Mama Skola,

Ukirudi kutoka shamba usiniwekee ugali. Nimekipeleka Mikumi kile kigari chekundu cha mbio alichoacha meneja wa mkonge, ili nikijaribu, maana keshokutwa ndicho kitatangulia maandamano ya Saba Saba. Funga mlango wa banda, mbuzi wasiingie.

~~Mwambie Skola asiguse tena vifaa vyangu.~~

Unajua jana injini ilichemka njiani, na mshale wa joto umelala tu chini. Nilimkaripia Skola mbele ya mafundi wenzangu, nikasema ameuharibu alipokuwa akifuta dashibodi. Akanijibu, "Baba, huo mshale haujasogea tangu siku ulipopaka dashibodi rangi." Nikamwambia mtoto hamfundishi baba yake kazi.

Leo alipokwenda kisimani nimefungua dashibodi nitoe geji ya huo mshale, nikatafute nyingine. Geji ni nzima. Ile rangi ya kijani niliyopaka dashibodi ili wazee wa chama wafurahi, niliipaka hadi chini ya skrubu inayobana waya, na umeme haupiti kwenye rangi. Nimeikwangua kwa kisu chako cha jikoni. Usinigombeze, kimo kwenye karai. Nilipowasha injini, mshale ukapanda.

Bisibisi yangu ndogo iliyo juu ya karatasi hii mpe Skola. Simwazimi, ni yake.

Skola, asubuhi uliniamkia mara mbili, nami nikapita kimya.

Marahaba, mwanangu.

Baba