Vishikio Vinne, Siondoi Hata Kimoja

Jumatano, Rusimbi

Viwili tu, eti! Mchana bosi kapiga simu kutoka Dar. Anataka niondoe viwili kati ya vishikio vinne, vile vidude vya kwenye mstari wa tovuti ninayomtengenezea, ambavyo wenye maduka wataviburuta kwa kidole kuonyesha saa zao. Kufungua na kufunga, basi. "Saa za mapumziko za nini?"

Za Shangazi. Ana duka la vitenge Ujiji, na kila adhuhuri hulifunga akaenda kuswali.

Ni kweli, jana vishikio vilimgandia, kimoja juu ya kingine, akashindwa kuvitenganisha. Leo nimerekebisha: kimoja kikikaribia kingine, kinasimama. Jioni nikampelekea simu.

"Shikamoo Shangazi. Hebu jaribu tena."

"Marahaba." Akaburuta taratibu, midomo kaibana. Kisha akacheka. "Haya! Hilo sasa ndilo duka langu."

Nimemtumia bosi vyote vinne. Hajajibu. Naogopa, maana mkataba wangu unaisha mwezi huu na anaweza kuniacha.

Aniache tu. Mstari wa kumlazimisha Shangazi adanganye wateja wake kwamba adhuhuri duka liko wazi, atafute mwingine wa kuutengeneza.