Mkanda wa Baba Uliobaki Kwenye Kopo

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuacha kwenye wodi ile ya ghorofa ya pili, baada ya kumwambia nesi asogeze stendi ya dripu kwa sababu inakuzibia mwanga. Mpaka dakika ya mwisho ulikuwa na maneno yako.

Mtaa mzima ulikuita Mzee Kalenda. Ziwa la mlimani ulilolipiga picha miaka yote hiyo lilitundikwa kwenye kalenda kila mahali: kwa kinyozi, kwenye zahanati, hata ofisi ya maji, ambako maji yenyewe hayatoki. Ulikuwa mpole. Mteja aliyefumba macho ulimpiga tena bure, na mtoto mwenye kulia ulimbembeleza mpaka mama yake akaona aibu. Viatu vyako tu ndivyo vilivyotushinda. Ulivivua popote, sisi tukajikwaa.

Ila kule ziwani hukutaka mtu kwenye picha. Ulisubiri hadi wa mwisho aondoke, hata bata ulimfukuza. Sisi tulidhani ni maringo ya fundi.

Siku tatu kabla ya kufariki ulinishika mkono, mimi binti yako niliyerithi studio, ukanitajia kopo la maziwa lililozibwa kwa plasta juu ya kabati la chumba cha giza. Ndani kulikuwa na mkanda wa picha uliopigwa miaka thelathini iliyopita, haujasafishwa. Ukasema, "Niliwaambia wote wahamie upande wangu. Nilitaka nyuso zote zionekane. Mwambie nahodha."

Ajali ile ya ziwani wengi wanaijua. Walimu kumi na saba walikuja matembezi, boti ikapinduka karibu kabisa na ukingo uliposimama na kamera, na maji ya kule ni baridi ya kuua. Alitoka hai nahodha peke yake. Mahakamani alisema mpiga picha aliwaita na yeye akawakataza. Wewe ukaapa kwamba ulikuwa umeinama unabadilisha mkanda, hukuona kitu. Akafungwa miaka sita.

Niliusafisha wiki ileile ya mazishi. Picha ina ukungu, lakini wote wamo. Wamesimama upande mmoja, wanacheka, wanakutazama wewe. Nyuma yao yupo nahodha, mkono juu, mdomo wazi, anawakemea wakae. Nililia sana, Baba, na nilikuchukia. Siku kadhaa sikuweza hata kuigusa kamera yako.

Nyumbani tukaanza kuvutana kuhusu kumpelekea nahodha picha. Mama alisema tungoje kwanza msiba upoe. Baba mdogo alisema tunataka kujivua nguo hadharani. Nami nikajificha nyuma yao, maana studio ina jina lako na ndiyo inayonilisha.

Nilikwenda kwa nahodha wiki iliyopita. Anaziba pancha za baiskeli nyuma ya soko, na mpaka leo mtaani wanamwita Mzamishaji. Alijifuta mikono, akaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza niliipata lini, nami nikamwambia ukweli.

"Miaka thelathini ya baba yako naielewa," akasema. "Aliogopa. Huu mwaka mmoja, ninyi mlikuwa mnangoja nini?"

Nimeona haya mara nyingi maishani, lakini si kama siku ile. Akanirudishia picha, akasema niitoe gazetini watu waione, kisha akaendelea na pancha yake.

Ndiyo maana picha iliyo juu ya tangazo hili si yako, Baba. Yako ipo, ile uliyovaa koti la kijivu, lakini nafasi ilikuwa ya picha moja tu.

Unakumbukwa na mkeo, na mimi binti yako, na wajukuu wako wawili ambao bado wanakuulizia. Mdogo wako amekataa jina lake kuwekwa hapa.

Hatutakusahau, Baba. Na kuanzia leo, familia kumi na saba nazo hazitakusahau.