Mama Amekwenda Kwenye Besiboli

Wema na Elinaza,

Maharage yako kwenye friji, wali uko jikoni. Pasheni, msile vya baridi. Nguo ziko kwenye mashine kule chini, mmoja akazitoe. ~~Nitarudi kabla ya chakula.~~ Msinisubiri, naenda uwanjani kuwaangalia Jays, timu yetu ya besiboli!

Wema, asubuhi uliponiuliza, "Mama, hii glavu ya baba tuipeleke kanisani wapewe wahitaji? Wewe besiboli hata huipendi," nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Iliniuma, mwanangu. Glavu hiyo ni yangu. Baba yenu alininunulia tulipohamia mtaa huu wa Flemingdon, maana mgonjwa wa besiboli nilikuwa mimi. Kiingereza cha huku nilijifunza kwa mtangazaji wa redio, wewe ukiwa unanyonya. Baba yenu alikaa nami tu, anauliza, "Sasa huyu mbona anakimbia?" halafu anasinzia. Alipofariki nikazima redio, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kuniuliza.

Ulipotoka nikaivaa ile glavu. Nililia kidogo, kisha nikajikuta nacheka peke yangu. Nikaenda kumsimulia jirani yetu, Mama Gulshan. Kumbe ana tiketi mbili za leo na mumewe hataki kwenda. Akaniambia, "Vaa viatu, twende!"

Elinaza, mvua ikija funga dirisha. Kisha washeni televisheni. Mkimwona mama mwenye kitenge amesimama kwenye kiti anapiga kelele, msione aibu. Semeni ni wenu.

Mama