Mche Wenye Mizizi Safi

Kitale, Ijumaa 10 Oktoba

Leo nitaandika yote, hata yanayoniuma.

Minyoo ya mizizi imemaliza hoho zetu. Ndiyo maana nilizichavusha kwa pilipili kali za Kukhu, nyanya yangu wa Bungoma, ambazo minyoo haiziwezi, kisha nikapanda mbegu zilizotokana nazo makusudi kwenye udongo wenye minyoo, nione ni mche upi utakaoishinda.

Nimetoka shule nikamkuta Baba ameing'oa miche yote, nayo ilikuwa imeshazaa, ili kunisaidia kuchagua iliyo bora. Ameniwekea mbegu za ile yenye vinundu vingi mizizini.

"Si hivi ni kama vya maharagwe?" akasema. "Mbolea ya bure, bana. Mmoja haukuwa na kitu mizizini, nikapatia mbuzi."

"Baba, hivyo ni ugonjwa. Minyoo imo ndani."

Akaenda zizini mwenyewe, akarudi na kisiki kisicho na jani wala tunda. Mizizi yake ilikuwa safi kabisa.

Sikulia mbele yake. Tumekipanda tena pamoja, naye akakimwagilia maji polepole sana.

Kesho asubuhi nitapiga simu Bungoma. Kukhu, umewahi kuona kisiki cha pilipili kilicholiwa na mbuzi kikichipua tena?